Utamu usio wa sukari: Una faida gani, una hatari gani?

Na MWANDISHI WETU

KATIKA nyumba nyingi za mijini siku hizi, kabati la jikoni lina vitu viwili vya kutia utamu. Kuna mkebe wa sukari ya kawaida, na kando yake kuna kichupa cha tembe ndogo nyeupe, ambacho ni cha babu au nyanya aliyeambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa kisukari. Watoto wamekatazwa kukigusa. Hata hivyo, watoto hao hao wakitoka shuleni hukoroga juisi ya unga ndani ya jagi la maji, na wazazi wengi hawajui kwamba unga huo mara nyingi hutiwa utamu kwa kemikali za aina ile ile iliyo katika tembe za mzee.

Kemikali hizo ndizo zinazoitwa sukari bandia. Zimo katika soda zinazotangazwa kuwa hazina sukari, katika baadhi ya yogati na chingamu, katika dawa za maji za watoto na hata katika dawa ya meno. Kuna watu wanaoapa kwamba ni sumu ya kuleta kansa. Kuna wengine wanaozinywa kama maji kwa kuwa wamesikia hazinenepeshi.

Wanasayansi wamezichunguza kwa zaidi ya miaka 100, na majibu yao hayaungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili. Atakayefuatilia uchunguzi huo ataona kwamba kuuliza "je, ni sumu?" hakutoshi. Maswali yanayomfaa mzazi ni mawili: sukari bandia hii inatumiwa kwa kiasi gani, na imechukua nafasi ya nini?

Ziligunduliwa kwa bahati

Ajabu ni kwamba nyingi za kemikali hizi ziligunduliwa na watu ambao hawakuwa wakizitafuta.

Mnamo mwaka wa 1879, Constantin Fahlberg alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Profesa Ira Remsen, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Alikuwa akichunguza vitu vinavyotokana na lami ya makaa ya mawe. Jioni moja alienda kula bila kunawa mikono vizuri, na mkate alioushika ukawa mtamu kupita kiasi. Alirudi maabarani, akaonja vyombo kimoja baada ya kingine hadi akakipata chenye utamu ule. Hiyo ndiyo sakarini, ambayo ni tamu takriban mara 300 kuliko sukari.

Mwaka wa 1937, Michael Sveda, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliweka sigara yake juu ya meza ya maabara. Alipoirudisha mdomoni akakuta ni tamu. Akawa amegundua saiklameti. Mwaka wa 1965, James Schlatter wa kampuni ya dawa ya G.D. Searle alikuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Alilamba kidole ili aokote karatasi, naye akagundua aspatemi, iliyo tamu mara 200 kuliko sukari. Mwaka wa 1976 mjini London, Shashikant Phadnis aliambiwa aipime kemikali fulani. Kwa kuwa maneno ya Kiingereza ya kupima na kuonja yanakaribiana kwa sauti, yeye aliionja. Hiyo ni sukralosi, iliyo tamu mara 600.

Siri ya utamu huo ni kwamba ulimi una vipokezi vinavyotambua vitu vitamu. Kemikali hizi hunasa katika vipokezi hivyo vyema kuliko sukari, ndiposa chembe ndogo tu inatosha. Sakarini na sehemu kubwa ya sukralosi hupita mwilini na kutoka jinsi zilivyoingia. Aspatemi huvunjwavunjwa tumboni, lakini kwa kuwa inayotumiwa ni kidogo sana, kalori zake si za kuhesabika.

Kisa cha panya

Hofu ya kansa ilianzia kwa panya. Mwaka wa 1969, watafiti nchini Marekani waliwalisha panya 240 mchanganyiko wa saiklameti na sakarini kwa wingi. Panya wanane wakapata uvimbe katika kibofu cha mkojo. Serikali ya Marekani ikatangaza kupiga marufuku saiklameti katika vyakula, na hadi leo marufuku hiyo haijaondolewa, ingawa nchi za Umoja wa Ulaya na nyingine nyingi zinairuhusu.

Mwaka wa 1977 ikawa zamu ya sakarini. Utafiti uliofanywa Canada ulionyesha kwamba panya madume waliolishwa kiasi kikubwa cha sakarini walipata kansa ya kibofu. Marekani ilitaka kuipiga marufuku, lakini wananchi, hasa wagonjwa wa kisukari, walilalamika kwa kuwa wakati huo hawakuwa na kitu kingine cha kutia utamu. Bunge la nchi hiyo likazuia marufuku na badala yake likaamuru vifurushi viandikwe onyo.

Watafiti hawakuishia hapo. Walitaka kujua ni kwa nini panya huugua. Baada ya miaka mingi waligundua kwamba mkojo wa panya dume una protini na madini ya kalsiamu na fosfeti kwa wingi. Sakarini nyingi ikichanganyika na vitu hivyo, hutokea vijiwe vidogo vyenye ncha ambavyo hukwaruza kibofu siku baada ya siku hadi kinaota uvimbe. Mkojo wa binadamu haufanyi hivyo. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2000 Marekani iliiondoa sakarini katika orodha yake ya vitu vinavyoshukiwa kuleta kansa, na lile onyo likafutwa. Mnamo Novemba 2024, shirika la usalama wa chakula la Ulaya lilipandisha kiwango cha sakarini ambacho mtu anaweza kutumia kila siku, kutoka miligramu 5 hadi miligramu 9 kwa kila kilo ya uzito wake.

Kwa hivyo, mtu akikuambia kwamba jambo fulani limethibitishwa kwa panya, muulize maswali mawili. Panya walilishwa kiasi gani? Na je, kilichotokea katika mwili wa panya kinaweza kutokea katika mwili wa mtu?

Tangazo la mwaka wa 2023

Hofu ilirudi Julai 2023. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, WHO, na lina makao yake mjini Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba huenda aspatemi inaleta kansa kwa binadamu. Habari hizo zilienea dunia nzima. Ambalo halikuenea sana ni kwamba siku hiyo hiyo, kamati nyingine ya wataalamu wa WHO na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, ilisema haikuona sababu ya kubadilisha kiwango cha aspatemi kilichokubaliwa tangu zamani.

Je, walikuwa wakipingana? La. Walijibu maswali mawili tofauti. Mfikirie simba wa Mbuga ya Nairobi. Simba ni mnyama hatari, hakuna anayebisha. Lakini hatari yake kwako inategemea kama umefunga dirisha la gari au umeshuka chini kumpiga picha. Shirika la Lyon huuliza kama mnyama ana meno. Kamati ile nyingine huuliza umemkaribia kwa umbali gani.

Tena, shirika la Lyon lilikiri kwamba ushahidi wake, ambao ulihusu aina moja ya kansa ya ini, ni hafifu. Aspatemi iliwekwa katika kundi moja na dondoo la jani zima la mshubiri, ule mmea ambao watu wengi humu nchini huuita aloe vera. Kundi hilo huonyesha ushahidi una nguvu kiasi gani, wala si ukubwa wa madhara.

Pia kuna uvumi kwamba aspatemi ikiingia tumboni hugeuka kuwa methanoli, ile sumu inayopofusha wanywaji wa pombe haramu. Ni kweli kwamba methanoli kidogo hutokea. Lakini bilauri ya juisi ya nyanya hutoa methanoli nyingi kuliko bilauri ya soda yenye aspatemi.

Hesabu ya baba si ya mtoto

Kiwango cha aspatemi kilichokubaliwa na kamati ya WHO na FAO ni miligramu 40 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mtu mzima mwenye kilo 70 anaweza kutumia miligramu 2,800. Mkebe mmoja wa soda isiyo na sukari unaweza kuwa na miligramu 200 hadi 300. Kwa hivyo itambidi anywe mikebe 9 hadi 14 kwa siku ndipo apite kiwango, ikiwa hapati aspatemi kwingine.

Sasa fanya hesabu hiyo kwa mtoto wa chekechea mwenye kilo 15. Kiwango chake ni miligramu 600. Mikebe miwili au mitatu tu inatosha kumfikisha hapo.

Kwa saiklameti mambo ni ya kubana zaidi. Kiwango cha kamati hiyo hiyo ni miligramu 11 kwa kilo, yaani miligramu 165 kwa mtoto huyo. Umoja wa Ulaya, ukiwafikiria watoto, ulipunguza mwaka wa 2003 saiklameti inayoruhusiwa katika vinywaji kutoka miligramu 400 hadi 250 kwa lita. Hata kinywaji chenye miligramu 250 kwa lita, mtoto wetu atafikia kiwango chake kwa kunywa kitu kama vikombe viwili na nusu. Na mama akikoroga pakiti mbili katika maji ya pakiti moja ili juisi ikolee, kila kikombe kina kemikali maradufu.

Viwango hivi vimewekwa chini sana kwa makusudi, navyo ni vya matumizi ya kila siku kwa maisha yote. Mtoto akizidisha siku ya sherehe hatadhurika kwa sababu hiyo. Jambo la kuangaliwa ni lile jagi la kila siku.

Wapo watu wachache ambao hawafai kutumia aspatemi kabisa. Ni wale waliozaliwa na maradhi adimu ya kurithi yanayoufanya mwili ushindwe kuvunja fenilalanini, ambayo ni sehemu ya aspatemi. Ndiyo sababu pakiti nyingi huandikwa kwamba kilichomo kina fenilalanini.

Je, hupunguza unene?

Wengi hununua vinywaji visivyo na sukari ili wapunguze mwili. Hapa ndipo utafiti unapotoa majibu yanayoonekana kugongana.

Mjini Amsterdam, Uholanzi, watafiti waliwagawa watoto 641 katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kila siku kundi moja lilipewa kinywaji cha mililita 250 chenye sukari, na jingine kinywaji kama hicho chenye sukari bandia. Watoto hawakujua walikuwa wakinywa kipi. Baada ya miezi 18, waliokunywa sukari walikuwa wameongezeka kilo 7.37 kwa wastani, na wale wengine kilo 6.35. Tofauti ilikuwa kilo moja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2012.

Lakini nchini Ufaransa, watafiti waliofuatilia watu wazima zaidi ya 100,000 kwa miaka kadhaa walitangaza mwaka wa 2022 kwamba waliotumia sukari bandia kwa wingi walipata kansa kwa asilimia 13 zaidi ya wasioitumia. Maana yake ni kwamba, penye wagonjwa 100 katika kundi la wasiotumia, kundi la ukubwa huo huo la watumiaji lingekuwa na wagonjwa 113. Watafiti hao pia waliona ongezeko la magonjwa ya moyo na kiharusi.

Inakuwaje? Tofauti ni kwamba huko Ufaransa watu walijichagulia wenyewe. Anayeanza kunywa soda isiyo na sukari mara nyingi ni yule ambaye tayari amenenepa au ameonywa na daktari. Ukienda hospitalini utaona kwamba wenye mikongojo ndio waliovunjika miguu, lakini mkongojo haukuvunja mguu wa mtu. Watafiti hujaribu kuondoa kasoro hiyo kwa mahesabu, ila ni vigumu kuiondoa yote. Kwa upande mwingine, majaribio kama lile la Amsterdam ni ya muda mfupi, nayo hayawezi kuonyesha madhara yanayochukua miaka 20 kujitokeza.

Baada ya wataalamu wake kupitia tafiti 283, WHO ilitoa ushauri Mei 2023 kwamba sukari bandia isitumiwe kama njia ya kupunguza unene. Katika majaribio ya muda mfupi, walioitumia walipungua kiasi cha kilo 0.7 tu kuliko wasioitumia, na faida ya muda mrefu haikuonekana. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Sababu moja iko wazi kwa yeyote aliyeketi hotelini akaona mtu akiagiza chipsi na kuku wa kukaanga, kisha akaomba soda isiyo na sukari ili "apunguze". Wale watoto wa Amsterdam walipewa sukari bandia mahali ambapo wenzao walipewa sukari. Huyu wa hotelini ameipokea kama ruhusa ya kula zaidi.

Bakteria wa tumboni

Kuna jambo jingine ambalo wanasayansi wanaendelea kulichunguza. Matumbo yetu yana mabilioni ya bakteria wanaosaidia kusaga chakula. Mwaka wa 2022, watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli walichapisha jaribio la watu wazima 120 ambao hawakuwa na mazoea ya kutumia sukari bandia. Walipewa sakarini, sukralosi, aspatemi au stevia kwa wiki mbili, chini ya viwango vinavyoruhusiwa. Zote nne zilibadilisha bakteria hao kwa namna fulani. Sakarini na sukralosi zilifanya sukari katika damu ipande zaidi mtu alipopimwa, lakini si kwa kila mtu. Wengine hawakuonyesha badiliko lolote.

Wiki mbili ni muda mfupi, na watu 120 ni wachache. Hata hivyo, jaribio hilo limevunja ile dhana ya zamani kwamba kemikali hizi hupita mwilini bila kugusa kitu. Stevia nayo, ambayo hutoka katika majani ya mmea wa asili wa Paraguay na imewahi kulimwa hata kule Kericho, isidhaniwe kuwa haina neno kwa sababu tu ni ya shambani. Ile ya pakiti imesafishwa kiwandani.

Mzee mwenye kisukari

Turudi kwa kile kichupa cha tembe. Mgonjwa wa kisukari asiogope tembe yake kwa sababu ya uvumi. Kikombe cha chai chenye tembe hakipandishi sukari ya damu jinsi vijiko viwili vya sukari vingeipandisha, na kwake hilo ni jambo la maana. Akiwa na wasiwasi, aulize daktari au mwuguzi wa kliniki yake kabla ya kubadilisha chochote.

Hata hivyo, tembe haifuti mandazi. Unga, wali, viazi na ugali hugeuka sukari mwilini, hata kama chai ilikuwa na sukari bandia. Pia maziwa yaliyo katika chai yana sukari yake ya asili. Na ikiwa tembe ni za aspatemi, zisichemshwe pamoja na majani na maziwa, kwani moto wa muda mrefu huzivunja na kupoteza utamu. Zitiwe kikombeni chai ikiwa tayari.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, soma maandishi madogo ya pakiti kabla ya kulipa. Huenda majina ya kemikali yakakuchanganya, lakini mara nyingi huandikwa kwa nambari. E951 ni aspatemi, E952 ni saiklameti, E954 ni sakarini, E955 ni sukralosi na E960 ni stevia. Ukiziona mbili au tatu pamoja usishangae, kwani watengenezaji huzichanganya ili kuficha uchungu wa kila moja.

Pili, usiiondoe sukari bandia ukairudisha sukari kwa wingi. Soda ya kawaida ina karibu gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ina takriban gramu 30, ambazo ni zaidi ya vijiko saba vya chai. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na afadhali zisifike 25. Sukari huozesha meno na kuongeza unene, na kwa hayo hakuna mjadala kama ule wa panya. Sukari bandia haiozeshi meno, lakini asidi ya soda hula meno hata kama haina sukari.

Tatu, jagi la mezani liwe la maji. Juisi ya unga iwe ya siku moja moja, nayo ikorogwe kwa maji yote yaliyoandikwa kwenye pakiti. Mtoto anayetaka kitu kitamu apewe chungwa, ndizi au kipande cha nanasi.

Nne, punguza utamu wenyewe. Anayetia vijiko vitatu katika chai atie viwili na nusu wiki hii, viwili baada ya wiki mbili, na kuendelea. Ulimi huzoea. Baada ya muda, chai ile ya zamani itamshinda kunywa.

Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Sukari bandia inaweza kumsaidia mtu kuiacha sukari, kama mkongojo unavyomsaidia aliyevunjika mguu. Lakini mtoto mwenye miguu mizima hahitaji mkongojo, na ulimi wake unajifunza sasa ni kitu gani kiitwe kitamu.